Mashina Mangapi kwa Mita Moja ya Mraba?

Muulize mkulima wa mpunga wa Chekereni, Dakawa au Mbarali amepandikiza kwa nafasi gani, naye atakujibu bila kusita: sentimita 20 kwa 20. Ndivyo bwana shamba alivyomwelekeza, na ndivyo vijitabu vingi vinavyosema. Nafasi hiyo hutoa mashina 25 kwa kila mita ya mraba, na kwa shina namaanisha kile kifungu cha miche kinachochomekwa mahali pamoja. Sasa ingia naye jarubani na fremu ya vijiti vinne vya mita mojamoja, ilaze juu ya tope, mhesabu. Mahali pamoja mtapata mashina 13, hatua chache mbele 17, na kule kona ya mwisho ambako vibarua walimalizia jua likiwa kali, huenda 10. Ng'oeni shina moja mhesabu miche yake: ile miwili au mitatu ya kwenye kijitabu imekuwa sita, saba, pengine minane.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya mavuno yanayopotea katika skimu zetu hupotea siku ya kupandikiza, na ubishi wetu wa miaka mingi kuhusu 20 kwa 20 dhidi ya 25 kwa 25 unatupitisha mbali na chanzo. Idadi ya mashina shambani haichaguliwi na mkulima. Huamuliwa na mambo mawili yanayotangulia: mkataba wa kibarua anayelipwa kwa ekari, na ratiba ya maji inayoamua mche utakuwa na siku ngapi utakapotoka kitaluni. Mpaka mambo hayo mawili yarekebishwe, tutaendelea kufundisha vipimo ambavyo havifiki kwenye tope.

Tuanze na jinsi mpunga unavyojenga mavuno. Ni zao la vitu vinne: idadi ya masuke kwa mita ya mraba, idadi ya punje kwa kila suke, sehemu ya punje zilizojaa, na uzito wa punje. Uzito wa punje hubadilika kidogo sana, kwa kuwa ganda huweka mpaka wa ukubwa wake. Vile vitatu vya kwanza hunyang'anyana chakula na mwanga. Kimoja kikipanda sana, vingine hushuka. Ndiyo maana mpunga husamehe makosa madogo ya nafasi. Ukipunguza mashina kidogo, kila shina hutoa machipukizi zaidi na suke lake huwa refu zaidi, na mavuno ya mwisho hayabadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kati ya mashina 16 na 30 kwa mita ya mraba, kwa mbegu inayochipua vizuri, mche mchanga na udongo wenye rutuba, tofauti ya mavuno mara nyingi ni ndogo. Anayekuambia ameongeza magunia kwa kuhama tu kutoka 20 kwenda 22 muulize ni kitu gani kingine alibadilisha msimu huo.

Msamaha huo una mwisho, na mashamba mengi yameshauvuka. Chukua mfano wa hesabu. Jaruba lina mashina 13 kwa mita ya mraba, yaliyopandwa kwa miche iliyozeeka ambayo kila shina litatoa masuke 11 yenye kukomaa. Hayo ni masuke yapatayo 145. Kwa kuwa kuna nafasi, suke litakuwa kubwa, tuseme punje 120, na asilimia 85 zijae, kila punje elfu moja zikiwa na gramu 26. Utapata takriban tani 3.8 kwa hekta. Jaruba la jirani lina mashina 25, masuke 11 kila moja, punje 100 tu kwa suke, ujazo na uzito uleule: tani 6.1. Tofauti hiyo kwa ekari moja ni karibu magunia tisa ya kilo mia. Mbegu ni ileile, mbolea ileile, maji ya mfereji uleule. Suke kubwa la jaruba la kwanza, ambalo mwenye shamba hulishika mkononi na kulisifu mbele ya wageni, halikuweza kufidia masuke 130 ambayo hayapo.

Upande wa pili wa kosa ni kubana. Ukipanda 15 kwa 15 kwa miche mitano kila shina, umeweka miche zaidi ya 220 katika mita moja ya mraba. Wiki sita za kwanza shamba hilo huvutia kuliko yote. Limefunga, kijani kibichi, tope halionekani. Kisha majani hufunikana. Mpunga hunufaika na ongezeko la majani mpaka eneo la majani linapofika mara tano au sita hivi ya eneo la ardhi. Baada ya hapo majani ya chini hukaa gizani, hupumua bila kutengeneza chakula, na kuwa mzigo kwa yale ya juu. Mabua hurefuka yakitafuta mwanga, yanakuwa membamba, na upepo wa kwanza baada ya masuke kujaa unayalaza. Unyevu hauondoki kati ya majani, na ugonjwa wa blasti hupata makao. Masuke ni mengi, lakini ni mafupi na yana mapepe. Hata yakifika 380 kwa mita ya mraba, yakiwa na punje 60 ambazo asilimia 75 tu ndizo zimejaa, utavuna tani 4.4 kwa hekta, tena kwa mbegu mara tatu na urea nyingi zaidi.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, ng'oa shina la miche saba siku ya arobaini baada ya kupandikiza, lisuuze mferejini, kisha litenganishe mche kwa mche. Miche ya pembeni ina machipukizi matatu au manne, mizizi yake ni myeupe na imetawanyika. Miche ya katikati ina bua moja, pengine na chipukizi moja lililonyauka, mizizi imesukwa pamoja na ya wenzake kiasi kwamba ni lazima uikate ili kuiachanisha. Miche hiyo ya katikati imekula mbolea yako kwa wiki sita na haitakupa suke la maana. Wakulima wengi huweka miche mingi kwa nia njema: wanaogopa kaa, konokono na maji ya kina, wanasema mmoja akifa mwingine abaki. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kusawazisha jaruba na kurudishia mapengo ndani ya siku saba, kwa miche uliyoiacha kitaluni kwa kazi hiyo. Kumwaga miche saba kwenye kila shina ni kulipia hasara ya mashina machache kwa kuyadumaza yote.

Kiungo ambacho mafunzo yetu hukitaja kwa pupa ni umri wa mche. Mpunga hutoa machipukizi kwa mpangilio mkali, ambao mtafiti wa Kijapani Katayama aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1951: chipukizi huchomoza kwenye kwapa la jani sambamba na kuchomoza kwa jani la tatu juu yake. Jani la tano likitoka, kwapa la jani la pili liko tayari kutoa chipukizi. Jani jipya hutoka kila baada ya siku nne au tano hivi. Mche uliobanwa kitaluni hupoteza nafasi hizo za mwanzo moja baada ya nyingine, na nafasi iliyopita hairudi. Machipukizi ya mwanzo ndiyo yenye masuke makubwa, na ndiyo yanayozaa machipukizi mengine.

Weka kalenda juu ya maelezo hayo. Mbegu ya siku 120 huanza kutunga suke ndani ya bua karibu siku ya 55 hadi 60 tangu kusiwa. Chipukizi linalotoka baada ya hapo kwa kawaida hufa au huchelewa kukomaa, likaleta punje za kijani zinazovunjika mashineni. Mche wa siku 20, ukitoa siku tano hivi za kushtuka baada ya kung'olewa, unabaki na mwezi mzima wa kuchipua. Mche wa siku 35, ambao hushtuka kwa muda mrefu zaidi kwa sababu mizizi yake imekatwa mingi, unabaki na wiki mbili, labda na siku chache juu yake. Mche wa kwanza unaweza kujaza nafasi ya 25 kwa 25. Wa pili hauwezi, hata ukiulisha vipi. Kwa hiyo swali la nafasi gani ni bora halina jibu kabla ya kujua mche una siku ngapi. Kwa mche wa siku 10 hadi 14, mmoja au miwili kwa shina, 25 kwa 25 inatosha. Kwa siku 18 hadi 22, miwili au mitatu, nabaki na 20 kwa 20. Ukivuka siku 30, punguza nafasi mpaka 20 kwa 15, uweke mitatu au minne, ukubali kwamba unapunguza hasara.

Hapa ndipo kilimo shadidi, ambacho wengi wanakijua kwa herufi za SRI, kimeeleweka vibaya. Kilianzia Madagaska, ambako padri Mjesuiti Henri de Laulanié aliona mwaka 1983 jinsi miche michanga kabisa iliyopandwa mmojammoja kwa nafasi pana ilivyochipua kwa wingi. Norman Uphoff wa Chuo Kikuu cha Cornell akakieneza duniani. Mwea nchini Kenya kikaanza kujaribiwa mwaka 2009, na Mkindo wilayani Mvomero watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekifanyia kazi na wakulima. Nimekiona kikifaulu na ninakiunga mkono pale masharti yake yote yanapotimia: mche wa majani mawili au matatu, jaruba lililosawazishwa, maji yanayoweza kuingizwa na kutolewa kwa zamu, na palizi ya mashine ya kusukuma mara mbili au tatu kabla majani hayajafunga. Kinachoenea vijijini ni sharti moja tu, nafasi pana. Mkulima anachukua mche wa siku 30 kutoka kitalu kilichobanana, anaupanda mmoja kwa 30 kwa 30, mashina 11 kwa mita ya mraba, maji yamesimama kwa sababu mfereji hauna lango. Anavuna kidogo, na jina baya linaangukia kilimo shadidi.

Dhana nyingine iliyoota mizizi ni kwamba mistari yenyewe huongeza mavuno. Mpunga haujui mstari. Mashina 25 yaliyotawanywa kwa usawa na mashina 25 yaliyonyooshwa kwa kamba yatavuna karibu sawa, mradi magugu yamedhibitiwa. Thamani ya mstari iko katika mambo mawili: unamlazimisha anayepanda kutimiza idadi, na unafungua njia kwa mashine ya kupalilia na kwa mtu anayetembea na mbolea bila kukanyaga mashina. Nasisitiza hili kwa sababu kuna mashamba yenye mistari mizuri ajabu upande mmoja, sentimita 20 kamili kati ya mstari na mstari, wakati ndani ya mstari wapandaji wamerukaruka kwa sentimita 35. Ukisimama kwenye tuta unaona kazi safi, lakini fremu itakuonyesha mashina 14.

Hilo linatuleta kwenye mkataba. Kazi ya kupandikiza katika skimu zetu hufanywa kwa sehemu kubwa na vikundi vya wanawake wanaoinama kwenye tope tangu alfajiri, na wanalipwa kwa ekari. Malipo ya ekari hayana habari na idadi ya mashina. Kila sentimita wanayoongeza kati ya shina na shina inawapunguzia kuinama na kuwafikisha mapema kwenye ekari nyingine. Kutoka mashina 25 hadi 13 kwa mita ya mraba ni kutoka mara laki moja za kuchomeka kwa ekari hadi zipatazo 53,000, kwa ujira uleule. Mtu yeyote mwenye watoto wa kulisha angefanya hivyohivyo, na sioni haki ya kuwalaumu. Kuchukua kifungu kinene cha miche nako kunamaliza kazi upesi, kwani kuitenganisha miche miwiliwili kwa vidole vilivyofa ganzi ndiko kunakochelewesha.

Ninachopendekeza ni kununua idadi badala ya eneo. Kabla ya kazi kuanza, mkulima na kiongozi wa kikundi wakubaliane: mashina 22 hadi 25 kwa mita ya mraba, miche isiyozidi mitatu, kwa ujira ulio juu ya ule wa kawaida. Asubuhi hiyohiyo, wapandaji wakiwa bado jarubani, fremu ilazwe sehemu kumi bila kuchagua, hesabu isomwe kwa sauti, na penye upungufu pajazwe hapohapo. Kuhesabu siku tatu baadaye, mama hao wakiwa wameshapanda kwa mtu mwingine, kunaleta ugomvi tu. Mkulima atoe kamba yenye mafundo ya rangi au reki ya mbao inayochora mistari ya kupitana kwenye tope, ili mpandaji achomeke penye makutano bila kukisia. Nyongeza ya ujira, hata ikiwa robo nzima, ni ndogo mbele ya magunia tisa. Ninajua mkulima anayekopa pesa ya kupandia hana nyongeza hiyo mfukoni mwezi wa kupandikiza, ndiyo maana nasema jambo hili liingie kwenye mikopo ya pembejeo ya vyama vya ushirika, pamoja na mbegu na mbolea. Kupandikiza vizuri ni pembejeo.

Kuhusu maji, kamati za skimu zina nguvu kubwa kuliko zinavyojua. Kitalu husiwa kwa kutumaini kwamba maji yatafika na trekta au pawatila itapatikana. Zamu ya maji ikisogezwa wiki mbili, miche iliyokusudiwa kung'olewa siku ya 20 inasubiri hadi ya 34, na tangu siku hiyo nafasi yoyote ile itakuwa ya kupunguza hasara. Pale Moshi Chini, ambako maji ya mito Njoro na Rau yanagombewa na walio juu na walio chini ya mfereji, kuchelewa huku si ajali ya msimu mmoja. Kamati itangaze tarehe ya maji kwa kila sehemu ya mashamba kabla ya mtu kuloweka mbegu, na vitalu viandaliwe kwa kufuata tangazo, vya sehemu ya mbele kwanza na vya nyuma baadaye. Anayeogopa kuchelewa asie vitalu viwili vidogo kwa kupishana siku kumi. Mbegu haimlemei: kwa mashina 25 na miche mitatu kwa shina, ekari inahitaji miche laki tatu hivi, ambayo ni kilo nane za mbegu iliyo safi kabisa, tuseme kumi ukihesabu isiyoota. Anayemwaga kilo 25 kitaluni tayari ana mbegu ya vitalu viwili. Na zikisiwa kwa kutawanyika katika eneo kubwa zaidi, mche utanenepa na kuvumilia kuchelewa kwa siku chache.

Ushahidi kwamba mambo haya yakienda pamoja yanaleta mabadiliko upo nyumbani. Skimu ya Ilonga, Kilosa, wakulima wachache walipelekwa kwenye mafunzo wakarudi kuwafundisha wenzao mbegu bora, mbolea, matuta, kusawazisha majaruba na kupandikiza kwa mistari. Watafiti waliowafuatilia walikuta mavuno ya wale wa kwanza yamepanda kutoka tani 3.1 hadi 5.3 kwa hekta, na ya wakulima wa kawaida, ambao walijifunza kwa wenzao, kutoka 2.6 hadi 3.7. Huwezi kusema ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilitokana na idadi ya mashina peke yake, na mimi sitadai hivyo. Nadai tu kwamba mbegu ya SARO 5 na mfuko wa urea haviwezi kutoa kilichomo ndani yake kwenye mashina 13.

Mbegu na udongo navyo vina neno lao. Supa ni ndefu na hulala. Kwenye udongo mnono uipe nafasi zaidi na urea kidogo. SARO 5 ni fupi, inavumilia mbolea na kubanana kiasi. Kwenye udongo mchovu au wenye chumvi machipukizi ni machache, kwa hiyo sogeza mashina karibu. Watu wengi hufanya kinyume, wakidhani ardhi maskini inataka mimea michache. Msimu wa baridi, kama ule wa Juni na Julai kwenye skimu za miinuko, mche huchipua polepole, nao vilevile unataka mashina zaidi. Na wale wanaoogopa mashine za kupandikiza kwa sababu mistari yake imewekwa sentimita 30, waondoe hofu: rekebisha umbali wa ndani ya mstari uwe 14 au 15, utapata mashina 22 au zaidi.

Msimu ujao tenga majaruba matatu yanayopakana, yanayopokea maji ya lango moja. Panda la kwanza kama vibarua wako walivyozoea, la pili 20 kwa 20, la tatu 25 kwa 25, yote kwa miche ya umri mmoja na mbolea sawa kwa eneo. Hesabu mashina siku ya kupanda, na masuke wiki mbili kabla ya kuvuna. Vuna kila jaruba peke yake, anika, na upime uzito baada ya kupepeta, kwa sababu gunia lenye mapepe hujaa haraka kuliko lenye punje.